Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Kanali Mstaafu

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Afande, karibu sana Mara.

Hati uliyotuletea leo tumeitazama kwa zamu, mikono ikiwa nyuma tusije tukaichafua. Ni kamisheni yako, yaani hati ya uofisa wa jeshi, uliyotunukiwa katika chuo cha maofisa Monduli ulipovishwa nyota ya Luteni Usu, na chini yake ipo saini ya Mwalimu Julius Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu. Wino umeanza kufifia, lakini jina linasomeka.

Tuliposikia kwamba utakuja nayo, tuliulizana: kabla ya hati kama hii kuwapo, askari wa Tanganyika alikuwa nani? Jibu tulilipata jirani tu, Butiama, katika maisha ya Jenerali David Musuguri.

Alizaliwa mwaka 1920, akajiunga na jeshi la mkoloni, King's African Rifles (KAR), mwaka 1942. Alitumikia miaka 15 ndipo akapewa cheo cha Effendi, kilichotengwa kwa ajili ya Waafrika. Kwa cheo hicho, kijana wa Kiingereza aliyetoka chuoni juzi na kamisheni ya Malkia bado alikuwa mkubwa wake. Neno hilo effendi ni ndugu wa neno afande, tunalokuitia wewe leo kwa heshima kamili. Jambo hili lilitugusa sana darasani.

Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ukafika Tabora, alikokuwa Musuguri. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake, nasi hatuoni sababu ya kulificha hilo. Lakini waasi walijitangazia makamanda wao wenyewe kambini, na nchi changa ikatikisika. Jeshi hilo likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Tangu tujifunze habari hizi, saini ya Rais kwenye hati yako tunaisoma kwa jicho jingine: aliyepewa dhamana na wananchi anamkabidhi ofisa askari wao, watoto wa watu, na ofisa anaapa kuwaongoza kwa utii.

Musuguri aliibeba dhamana hiyo hadi vitani. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, alikuwa miongoni mwa makamanda waliopelekwa mbele, na baadaye akaongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mwaka 1980 Mwalimu alimteua kuwa Mkuu wa Majeshi, akalishika jukumu hilo hadi 1988, kisha akarudi nyumbani Butiama. Aliyeanza akiwa askari wa kawaida wa mfalme wa mbali alistaafu akiwa Jenerali wa nchi yake. Alifariki Oktoba 29, 2024, akiwa na umri wa miaka 104.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kumsoma akiwa ameshazikwa. Hatukuwahi kwenda kumsikiliza, na hilo linatuuma. Mwanachama wetu mmoja naye alimzika babu yake aliyepigana Kagera, na familia haikujua hata alikuwa kikosi gani.

Kwa hiyo tuna maombi. Turuhusu tupige picha ya hati yako, tuiweke kwenye fremu maktabani, asili yake ubaki nayo wewe. Utusaidie kuwafikia wazee wenzako wa wilaya hii, tuwarekodi kwa sauti zao. Simu ya kurekodia tunayo, tunachokosa ni mtu wa kututambulisha kwao. Na ikiwezekana, utushike mkono tupate usafiri wa kwenda Kaboya, Muleba, walikolala mashujaa wa vita vile, tukasome majina yao makaburini.

Leo tungependa kuanza na wewe. Daftari liko wazi na swali la kwanza tumeshaliandika: siku ile Monduli, ulipoipokea hati hii, nyumbani ulimpelekea habari nani kwanza?

Tunaomba kuwasilisha.