Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori: Watoto wa Ileret Nao Waione Koobi Fora

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Ileret, kaskazini mwa Marsabit, ambako mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya Agosti tulikuwa marafiki wanne: mwalimu mwenzangu, muuguzi wa zahanati, dereva na mimi. Tulichanga hela za dizeli, tukabeba chapati na jerikeni tatu za maji, tukaondoka alfajiri kwenda Mbuga ya Taifa ya Sibiloi, tukarudi usiku. Siku hiyo moja ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Njia ni mawe meusi na mchanga. Kwenye laga ya pili, yaani mto mkavu wa mchanga, gari lilizama, tukashuka kusukuma huku upepo ukitupiga changarawe usoni. Halafu Ziwa Turkana likajitokeza mbele yetu, la kijani, na nyamera wamesimama ufuoni.

Koobi Fora, eneo la mabaki ya kale ndani ya mbuga hiyo, tulionyeshwa kobe. Si kobe wa kawaida, Mheshimiwa. Ni mkubwa ajabu, gamba lake limegeuka jiwe, na amelala palepale alipopatikana, amejengewa kibanda tu. Mwalimu mwenzangu ni Mdaasanach, mzaliwa wa hapa. Alichuchumaa, akalitazama gamba lile muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mbuzi wa baba nimewachunga upande huu tangu nikiwa mdogo. Huyu sikuwahi kuambiwa yupo." Ana miaka 34.

Maneno hayo hayajanitoka. Wageni huvuka bahari kuja kuiona ardhi hii. Mwaka 1972 Mkenya mwenzetu, Bernard Ngeneo, aliona vipande vya mfupa vimetapakaa kwenye mteremko hapa mashariki mwa ziwa. Vilipounganishwa likapatikana fuvu linalojulikana duniani kote kwa namba, KNM-ER 1470, la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Hizo herufi ER zinasimamia East Rudolf, kwa sababu wakati huo ziwa letu lilikuwa bado linaitwa kwa jina la mwanamfalme wa Austria. Ngeneo hakuwa profesa. Alikuwa na macho makali na subira, na hivyo watoto wetu wa wafugaji wanavyo tele.

Fuvu lenyewe limehifadhiwa Nairobi, na mwanafunzi wa kule anaweza kufika makumbusho kwa matatu. Mimi nikifundisha chimbuko la binadamu huchora fuvu ubaoni kwa chaki, na mchoro wangu si mzuri. Watoto wanaunakili, makosa yangu yote wakayaingiza daftarini, ilhali mahali penyewe wangepafikia na kurudi siku hiyohiyo.

Ombi langu ni hili. Kila muhula, ipatikane siku moja ambapo wanafunzi wa shule zinazoizunguka Sibiloi wataingia bila ada, wapewe askari wa mbuga wa kuwaongoza, na wasaidiwe mafuta ya lori. Mabasi hayafiki huku. Lori ndilo usafiri wetu. Chakula na maji wazazi watatoa, nimeshaongea nao. Na atakayewaeleza aeleze kwa Kiswahili, na kwa Kidaasanach au Kigabra pale inapowezekana, na jina la Ngeneo alitaje.

Unajua kwamba UNESCO iliziorodhesha mbuga za ziwa hili kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 ikaziweka miongoni mwa zilizo hatarini. Watakaoishi kando ya ziwa hili miaka 50 ijayo ni hawa watoto. Sioni nani mwingine atakayelitetea kwa uchungu kuliko wao, lakini kwanza wapafahamu.

Darasa langu lina wanafunzi 46. Muhula mpya ukifunguliwa tuko tayari, hata kwa taarifa ya siku tatu.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Ileret