Nimeshinda kesi ya kibanja cha baba, sasa mama hapokei simu yangu

Shikamoo Anti. Samahani kwa kuandika saa hizi, sijapata usingizi na nimeandika nikafuta nikaandika tena, kwaiyo ukiona mambo yamechanganyika unisamehe tu.

Nimeshinda kesi. Watu wananipa hongera mpaka mpangaji mwenzangu kaninunulia soda, mi nikainywa hivyo hivyo kwa aibu. Unajua kwetu Kagera mambo ya vibanja, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, yalivyo, sina haja ya kukueleza, likishatajwa neno ukoo pale hakuna tena aliyenyonya ziwa moja na mwenzie. Baba alifariki 2018, wakakaa kikao wakamteua kaka ndio musika, yani mrithi mkuu, sawa, sikupinga, musika ni musika. Nilichopinga ni kugawana yeye na mdogo wake kila kitu mpaka shamba la kahawa, alafu sisi wasichana tunaambiwa mtakuwa mnakuja kutembea. Kutembea Anti! Kwenye nyumba ambayo bati nimenunua mimi, na risiti ninazo. Baba alipolazwa nani alikuwa anatuma hela ya dawa, kaka? Kaka alikuwa anatuma meseji za kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Nataja bati ili ujue mi sio mtu wa tamaa maana ndivyo wanavyosema kule. Ningekuwa na tamaa ningeanza kudai baba akiwa hai.

Lakini hilo la kaka nilishalizoea. Kinachoniua ni mama. Siku ya hukumu mama alikaa benchi la kaka. Mahakama yenyewe ni kachumba, benchi mbili zimeangaliana, kila moja mgongo kwa ukuta, mi niko huku peke yangu na faili langu la plastiki, mama yuko kule katikati ya kaka na wifi, na amevaa kile kitenge cha zambarau nilichomtumia Krismasi. Niliposhika mkono kumwamkia aliitikia anaangalia mlango.

Turudi kwenye kesi. Mahakama ya Mwanzo nilishindwa. Wazee walikuja kushuhudia kwamba ile sheria ya mila iliyoandikwa na serikali 1963 inasema mwanamke ardhi ya ukoo anaitumia mpaka anakufa ila kuuza haruhusiwi. Na ni kweli imeandikwa hivyo, sikatai. Sasa mbona hata huko kutumia walikuwa hawanipi? Hata kupanda mgomba mmoja nisiruhusiwe! Nikakata rufaa Wilayani. Kuna dada msaidizi wa kisheria Mungu ambariki, ndio akanieleza habari za Holaria Pastory, mama wa kwetu kabisa, aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia akaliuza, mtu wa ukoo akamshtaki eti mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba imekataza ubaguzi, mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza. 1990 mi niko mtoto naanika kahawa ya baba kwenye mkeka, yani hiyo haki ilishakuwepo na hakuna mtu kijijini aliyewahi kunitamkia. Hapo ndio nikapata hasira ya kuendelea.

Hakimu akatengua mgawo wa kaka, nikapewa sehemu yangu, kuanzia mibuni ya zamani mpaka karibu na makaburi. Siku 30 za rufaa zimepita, kaka hakukata. Ila hatoki. Anavuna ndizi zangu na kahawa kaipeleka chama cha msingi cha ushirika kwa jina lake kama kawaida. Naambiwa niombe kukazia hukumu, dalali wa mahakama aende akamtoe. Barua ninayo kwenye pochi, bado saini yangu tu.

Sasa mama katuma ujumbe kwa kupitia shangazi yangu kwamba huyo dalali akija aanze na yeye. Na mama anakula humo humo Anti, migomba anayopikia kila siku iko upande wangu. Simu hapokei. Kwenye grupu la familia walishanitoa siku nyingi, hilo halinisumbui, lilikuwa la kuchangisha michango tu. Lakini mama! Mimi ndio nilikuwa namsuka nywele nikienda likizo. Angekaa hata nje basi, angesema anaumwa miguu asije, angekuwa kajiweka pembeni. Kwanini akae lile benchi?

Kanisani wananiambia samehe. Nimsamehe nani, kuna mtu kaniomba msamaha? Rafiki yangu ananiambia uza, una haki ya kuuza, tafuta kiwanja Kibaha ujenge uishi kwa raha zako, kwani we kule unarudi kufanya nini. Na nikifikiria naona ana akili, mi maisha yangu yako Dar, nina cherehani zangu, nina wasichana wawili nawafundisha kushona, siombi mtu chumvi. Niliachika nikasimama mwenyewe. Hicho kibanja sikihitaji kwa njaa. Ila nikisema niuze moyo unakataa kabisa, nauzaje mahali baba kalala? Na nikisema nimuachie kaka, hapana, hata mkungu mmoja simuachii, bora nyasi ziote. Alafu kuna kitu hata huyo rafiki sijamwambia. Mi sina mume, kule nilikowahi kuolewa siwezi kurudi hata kwa jeneza. Nikifa leo nazikwa wapi? Kinondoni kwenye makaburi ya kujazana? Wenzangu wote wana kwao. Kaka alishasema mbele za watu kwamba aliyeupeleka ukoo mahakamani asitegemee ukoo umbebe.

Sijui hata kwanini nimeandika hilo, sio swali langu.

Swali langu ni hii barua, nisaini nisisaini? Nilifikiri labda nisaini ila nimwambie dalali asiguse jikoni kwa mama, sijui kama inawezekana, au nimuandikie mama karatasi kwamba upande wangu atautumia yeye mpaka mwisho wake ila kaka asikanyage. Lakini nikimpa mama si ndio nimempa kaka? Atavuna nani kama sio yeye. Na mtu wa kunijibu kwamba mama naye aliogopa, kwamba na yeye ni mjane anaishi kwa hisani ya musika, hilo nimeshaambiwa na nalijua, nilikua naona bibi anaishi hivyo hivyo. Najua aliogopa. Mi nataka kujua kwanini hakuogopa kunipoteza mimi.

Ukinijibu usitaje kijiji, kule wanasoma simu za watoto wao. Na usinijibu kwamba niende tukasuluhishwe baraza la kata, nilianzia hapo, kaka hakutokea na siku aliyotokea alikuja na mama.