Barua kwa Zuhura: kura ianzie miaka 16

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, natumai nawe na wanao hamjambo. Barua yako imefika, na nimesoma pale unaposema kwamba mtoto wa miaka 16 akipewa kura, itakuwa ni kura ya baba yake. Hilo siwezi kulinyamazia.

Kwanza, huo umri wa miaka 18 nao si wa tangu enzi. Marekani ilikuwa 21, huku vijana wa miaka 18 wakipelekwa vitani Vietnam, mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1971. Uingereza walishusha kutoka 21 mwaka 1969. Japani walikuwa na 20 hadi juzijuzi tu, walipobadili sheria yao mwaka 2015. Leo nani anadai kijana wa miaka 20 hajui kuchagua?

Kuhusu ukomavu, kuna jambo la kutenganisha. Laurence Steinberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetafiti sana ujana, anatofautisha uamuzi wa papo kwa papo, wenzako wakikutazama na damu ikichemka, na uamuzi ambao mtu ana nafasi ya kuufikiria. Katika ule wa kwanza kijana huchelewa kukomaa, hata akavuka 20. Katika huu wa pili, wa miaka 16 hayuko nyuma sana ya mtu mzima. Na kura ni ya aina hii ya pili: kampeni zinakwenda wiki kadhaa, kisha unaingia kupiga kura peke yako.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 17 kwenye uchaguzi uliopita. Bibi yake macho yamepungua nguvu, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea ilani za wagombea, ukurasa kwa ukurasa, bibi akimkatiza kuuliza, wakibishana mpaka usiku. Siku ya kura akamshika mkono hadi kituoni. Bibi akaingia, yeye akabaki nje kumsubiri. Uchaguzi mkuu kwao ni kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo atapiga kura yake ya kwanza akiwa na miaka 22. Iliniuma, Zuhura, nakwambia kweli.

Kufika umri huo wengi wameshatawanyika. Mmoja yuko chuoni, mwingine amehama kutafuta kazi, na majina yao hayamo kwenye daftari la wapiga kura la mahali wanapoishi. Wa miaka 16 bado yuko nyumbani na darasani. Samaki mkunje angali mbichi. Austria walishusha hadi 16 mwaka 2007, tena kwa chaguzi zote, na watafiti waliochunguza kura za vijana hao waliona zinalingana na misimamo yao kama zilivyo za wakubwa. Uskoti nao waliwaruhusu wa miaka 16 kwenye kura ya maoni ya uhuru ya 2014, na kuna vijana wengi tu ambao msimamo wao haukuwa wa wazazi wao. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha umri huo bila hata mmoja kupinga, wakiwemo Wahafidhina ambao awali hawakuutaka.

Hofu yako ya walimu kubeba wanafunzi kwenye mabasi kwenda mikutanoni nakubaliana nayo kabisa. Hapo ni kupiga marufuku kampeni shuleni na kumwadhibu mkubwa anayemtumia mtoto. Kumnyima mtoto haki kwa kosa la mwalimu wake sikubali. Ukiona 16 ni mapema mno, tazama Brazili: tangu katiba ya 1988, wa miaka 16 na 17 hupiga kura wakitaka, na sheria inawalazimisha wakifika 18. Mimi ningeanza hivyo, ila uandikishaji ufanyike shuleni kwao, maana ruhusa isiyo na daftari ni karatasi tupu.

Kugombea uongozi ni habari nyingine, huko umri usiguswe.

Nisalimie wote nyumbani. Mwanao mkubwa naye yuko umri huo huo: muulize angemchagua nani na kwa nini, halafu usimkatize. Niandikie aliyoyasema, hasa yale utakayoyapinga.

Ni mimi rafikiyo,
Mwanaidi