Shangazi, tuhamie kwenye mwamba au kwenye upepo?

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi, nikiwaonea huruma wanaokuandikia, na leo zamu imenifikia mimi. Nina miaka 36, ni mzaliwa wa Mombasa, na sasa tunaishi Ongata Rongai. Mume wangu ni mwana wa Nyandarua. Tuna watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitatu. Hatugombani kwa pesa wala kwa wakwe, na barua hii naiandika akijua. Kinachotutatiza ni kuhama. Mkataba wa nyumba unaisha Desemba, kila mmoja wetu amekwisha kuchagua mji wake, yeye Naivasha kwenye miamba, mimi Kilifi baharini, na miji hiyo miwili imeachana kwa kilomita zaidi ya 600.

Sisi ni watu wa michezo ya nje. Tunakwea miamba kwa kamba, tunapanda milima, tunashuka mto kwa boti la mpira, tunaendesha baiskeli kwenye njia za mawe. Mimi zaidi ni mtu wa kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao baharini ukivutwa na tiara kubwa. Tulikutana Sagana, katika Mto Tana, ndani ya boti moja la watu wasiojuana. Boti likapinduka kwenye maji ya kasi, nikameza maji, na mkono wa kwanza kunishika jaketi ukanivuta ni wa huyu ambaye leo ni baba wa wanangu. Nakueleza haya ili usije ukanishauri tuachane na michezo tutulie kama watu wengine. Hilo tumelizungumza usiku mwingi, na jibu ni kwamba hatuwezi.

Kwa miaka yote hii Rongai imetushikilia kwa sababu ya kazi. Ijumaa usiku tunapakia gari, Jumamosi saa kumi alfajiri tunawabeba watoto wakiwa bado usingizini, tunateremka Mai Mahiu ukungu ukiwa haujainuka. Jumapili jioni tunarudi kwenye msururu wa malori, watoto wamelala wakiwa na vumbi miguuni, nami nawaza sare za shule ambazo hazijapigwa pasi. Bahari naiona Agosti na Desemba tu, shule zikifungwa. Mtu aliyezaliwa anasikia mawimbi, sasa anakwenda pwani kama mgeni.

Mwaka huu mlango umefunguka. Mimi ni mhasibu, na kampuni imekubali nifanyie kazi nyumbani, mradi intaneti isikatike. Mume wangu ni fundi wa sola, na jua liko kila mahali. Kwa mara ya kwanza tunaweza kuishi pale tunapopenda. Ndipo tukagundua kwamba hatupendi mahali pamoja.

Yeye anataka Naivasha, na sababu zake siwezi kuzibeza. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ya Hell's Gate ni safari fupi, kiasi kwamba akimaliza kazi adhuhuri, alasiri anakuwa ameshika mwamba. Ni mojawapo ya mbuga chache hapa nchini ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na twiga. Upande wa pili kuna mlima wa volkano wa Longonot, mita 2,776, ambao ukishafika mdomoni mwa shimo lake unaweza kuuzunguka wote kwa miguu ukarudi nyumbani mchana uleule. Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Nyandarua, na huko ndiko kwao.

Tena yupo binti yetu. Shangazi, laiti ungemwona! Mwezi wa Januari alipanda Fischer's Tower, ule mnara wa mawe wa mita kama 25 ulio ndani ya mbuga karibu na lango. Alijifunga fundo lenye umbo la nane mwenyewe, akalikagua, akamwambia baba yake naye alikague, kisha akapaka chaki vidoleni taratibu kama mtu mzima. Katikati ya ukuta pimbi mmoja alitoa kichwa kwenye ufa, wakatazamana karibu uso kwa uso. Mtoto akacheka, lakini mikono yake haikutetereka. Tangu siku hiyo amechora ule mnara kwenye kila daftari alilonalo.

Ila Naivasha nayo ina mambo yake. Tulipokwenda kutazama nyumba, geti tulifunguliwa na binti wa mwenye nyumba, na alipotabasamu nikaona meno yake yana madoa ya kahawia. Maji ya visima huko Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanaumbika ufizini, madoa hayo hayamtoki tena. Kitinda mimba wangu yuko kwenye umri huohuo. Mume wangu anasema tutaweka tangi, tukinge maji ya mvua, na ya kunywa tukikosa tununue. Sawa. Na ziwa lenyewe limekuwa likipanda hadi mtaa wa Kihoto ukafurika na watu wakahama. Basi hilo nalo lina dawa, tutapanga mbali na ziwa. Korongo la Hell's Gate ndilo nisilolizoea. Mwaka 2012 na tena 2019 maji ya ghafla yaliwaua watu mle ndani, mvua ikiwa imenyesha kwingine kabisa. Mume wangu haingii korongoni mawingu yakionekana upande wowote, na hapo namwamini.

Basi mwezi wa Machi akaumia, na si korongoni wala juu ya ukuta. Alikuwa amekwisha kushuka, amevua mkanda wa kamba, anakunja vifaa. Jiwe likazunguka chini ya mguu wake na mfupa ulio juu ya kifundo ukavunjika. Tuliufunga kwa godoro la kulalia na kamba nyembamba, tukamtoa kwa pikapu. Hospitali ya kwanza mashine ya eksirei ilikuwa mbovu. Ya pili ikatuambia tumpeleke Nairobi. Akatiwa plasta saa saba usiku, na muda wote huo binti yetu alikuwa kiti cha nyuma amekipakata kiatu cha baba yake mapajani, hataki kukiachia hata alipopewa maji.

Mguu umepona. Mimi ndiye niliyebadilika. Tangu siku ile nikitajiwa mahali, swali langu la kwanza ni daktari wa mifupa yuko wapi na usiku anapatikana. Mume wangu anasema nimekuwa mwoga. Mimi nasema watu wenye michezo kama yetu wangeanza na swali hilo, kisha ndipo waulize habari za mwamba.

Mimi nataka Kilifi. Mombasa iko kilomita kama 60 tu, yenye hospitali kubwa. Hori la Kilifi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, limetulia, binti anaweza kupiga kasia hata siku za shule. Watamu haiko mbali, na hifadhi yake ya baharini, iliyotengwa tangu 1968, bado ina matumbawe yenye samaki wa kila rangi. Msitu wa Arabuko Sokoke una njia za mchanga zinazofaa baiskeli. Juu ya yote kuna upepo. Kaskazi inashika Desemba hadi Machi, kusi inakuja na nguvu zake miezi ya katikati ya mwaka, na kati ya pepo hizo mbili kuna mvua za Aprili na Mei, halafu siku za matlai ambapo bahari inapumua polepole.

Naomba nikufafanulie jambo moja hapa, kwa sababu ndilo nguzo ya hoja yangu. Upepo hauna ratiba. Unaamka asubuhi bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Saa nane mchana makuti yanaanza kupigana, na hata hapo lazima maji nayo yawe yamejaa. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, matumbawe yanatokeza na huna pa kupita. Upepo na maji vikikutana unapata saa mbili au tatu, basi. Aliye Kilifi anafunga kompyuta, anabeba tiara, anashuka ufukweni. Aliye Naivasha anaambiwa kwa simu kwamba leo kulikuwa kuzuri. Mwamba hauna haraka hiyo. Ulikuwapo kabla ya babu zetu na Jumamosi ijayo utakuwapo palepale. Kwa hiyo mimi nasema: tuishi kwenye mchezo usiongoja, tusafiri kwenda kwenye ule unaongoja.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwamba unangoja, mama, lakini vidole havingoji." Anamaanisha kwamba mkweaji asiyeshika ukuta kila wiki, mishipa ya vidole inalegea, na akiurudia kwa ghafla anaumia. Akaongeza kwamba binti yetu ana miaka tisa mara moja tu. Sikuwa na jibu.

Miji mingine tumeipitia. Nanyuki tuliiacha kwa shingo upande, maana Mlima Kenya ni kipenzi chetu sote. Tulifika Point Lenana, mita 4,985, kabla ya kupata watoto, na mume wangu ana ndoto ya kilele cha juu kabisa, Batian, mita 5,199, ambayo haifikiki bila kamba. Lakini mlima ule unataka siku nne au tano, na unataka majira: upande wa kaskazini wa Batian hukweleka vizuri kati ya Juni na Oktoba, upande wa kusini kati ya Desemba na Machi. Hata tukipanga nyumba chini yake tutaupanda mara mbili kwa mwaka, sawa na sasa. Jinja kule Uganda nayo tuliifikiria kwa ajili ya Mto Naili. Tukakumbuka kwamba bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, na la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, yalizamisha sehemu kubwa ya maporomoko ambayo watu walikuwa wakiyafuata kutoka duniani kote. Hapo tulikubaliana jambo moja, kwamba mahali pa kuishi pasitegemee mchezo mmoja tu, kwa maana unaweza kuondolewa na uamuzi wa watu usiowajua.

Shemeji yangu, katika kutusuluhisha, akasema tukae Voi. Treni inasimama, vilima vya Taita viko juu yake, Kasigau una miamba, Tsavo iko mlangoni, na Mombasa ni kilomita kama 150. Wazee wa pande zote mbili walilipenda wazo hilo mara moja. Mimi nililikataa usiku uleule, na nashukuru mume wangu naye alilikataa. Tukikaa Voi, yeye atakuwa na mwamba usio ule aliouzoea, na mimi nitakuwa na bahari ya saa mbili, saa tatu barabarani. Sote wawili tutabaki kuwa wasafiri wa wikendi, tena penye joto. Sijui kama nimekosea hapo. Pengine wewe utaona usuluhishi pale ambapo sisi tumeona hasara.

Sasa Shangazi, kuna jambo ambalo mume wangu hajalisikia mdomoni mwangu. Atalisoma hapa, na nimeona ni heri iwe hivyo. Mama yangu yuko Mombasa, ana miaka 71, magoti yamemchosha, na kila nikimpigia simu huniuliza mvua imenyesha huko kwetu au la, kana kwamba hana jingine la kuuliza. Ninapotetea Kilifi nataja hospitali, nataja upepo, nataja floridi. Sijawahi kumtaja yeye. Na ule mguu uliovunjika, ambao ulinitisha kweli, nimeutumia kwenye mabishano mara nyingi kuliko hofu yangu inavyostahili. Namwona akikitazama kifundo chake ninapousema, anajiona mwenye kosa, nami naendelea kusema. Hilo linaniuma kuliko suala lenyewe la nyumba.

Basi naomba unisaidie kwa haya. Je, katika kupima mahali, hoja yangu ya mchezo unaongoja na usiongoja ina uzito wa kweli, au nimeitunga ili nirudi nyumbani kwa mama? Tukienda Kilifi, binti wa miaka tisa aliyeonja ukuta nitamwambia nini? Na tukienda Naivasha, nimwombe mume wangu nini kama haki yangu: miezi ya kaskazi pwani kila mwaka, au mwaka mmoja wa majaribio kisha tuhesabu upya? Kama kuna wasomaji waliohama mjini kwa ajili ya mlima, mto au bahari, ningependa sana kusikia baada ya miaka miwili waliona nini ambacho hawakukiona siku ya kupakia vitu.

Mwenye nyumba wa Kilifi anataka amana kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Yule wa Naivasha amesema atatungojea kidogo, kwa sababu binti yetu alimwomba.

Wako,
Mama wa Wawili,
Ongata Rongai