Mdogo wangu, hamkufika siku moja

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliutuma saa nane usiku, unanong'ona ili shemeji asiamke, na katikati kuna kimya kirefu hadi nikadhani umeishia hapo. Halafu ukasema: "Dada, yeye ameshazoea. Mimi hata sijafika."

Maneno hayo nimeshinda nayo siku mbili. Nakujibu hadharani, bila majina, kwa sababu nyumba kama yenu ni nyingi: vijana wawili wamerudi kutoka ng'ambo, wameanzia maisha kwenye mji ambao si wa kwao wote wawili, na saa nane usiku mmoja wao yuko macho.

Ulichosema ni kweli. Mlipanda ndege moja, mkashuka pamoja, mkalala usiku wa kwanza kwenye godoro lililotandikwa chini. Lakini hamkufika siku moja. Shemeji alifika Jumatatu ya kwanza, alipokabidhiwa meza, kitambulisho cha kazi na watu wanane wanaomwita kwa jina. Wewe ulibaki na maboksi. Leo ni wiki ya saba na mtu pekee anayekuita kwa jina katika mji mzima ni yeye.

Hili nimelipitia, ila hukuwahi kulijua. Ulikuwa bado shuleni, na mimi kila nilipopiga simu nyumbani nilisema mambo ni mazuri. Tuliporudi baada ya miaka minne nje, kazi iliyotuleta ilikuwa ya mume wangu. Jioni alikuwa anarudi na habari: fulani kamwonyesha njia ya mkato, mwingine kamwelekeza kwa fundi mwaminifu. Habari yangu mimi ilikuwa kwamba maji yalikatika saa nne na kurudi saa tisa. Nikaanza kuliogopa lile swali lake la "umeshindaje?" Ikifika saa kumi alasiri nilikuwa natunga jibu kichwani, nisije nikaonekana sijafanya kitu.

Ugomvi wetu mkubwa wakati ule ulitokana na neno moja: "kule". Nilikuwa nasema, "Kule basi lilikuwa linafika kwa dakika yake." Nilikuwa nasema tu, kama mtu anayekumbuka. Yeye alikuwa anasikia: wewe ndiye uliyenileta huku. Akawa anajibu kwa kuutetea mji, kana kwamba aliujenga kwa mikono yake. Anasema hapa kuna hili na lile, utazoea tu. Hilo "utazoea" nalo mimi nililisikia vibaya: acha kulalamika. Wiki kadhaa tuligombania mabasi, ilhali kilichotuuma wote wawili ni uamuzi wa kuhama. Aliyeletwa na kazi hubeba hatia, na aliyefuata hubeba deni analohisi anadaiwa kulishukuru au kulilipiza. Kila mmoja akificha lake, hata kibaraza kidogo mno kwa viti viwili kinatosha kuwasha moto.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalokuomba umwambie shemeji, ukichagua saa ambayo hamjakasirika, ni hili: "Nikisema kule, sikulaumu. Naomboleza." Sisi tulikuja kulisema tumechelewa. Baada ya hapo tukajiwekea utaratibu wa Ijumaa jioni: kila mmoja anasimulia jambo moja ambalo mji umemfanyia wiki hiyo, zuri au baya, na mwenzake haruhusiwi kuutetea mji wala kutoa ushauri. Anasikiliza mpaka mwisho. Ijumaa ya kwanza ilitushinda. Ya nne nililia, naye akanyamaza kimya, na usiku ule ndipo nilipoona nimeanza kuishi na mume wangu tena.

Halafu kuna hili la watu kukuambia "si mmerudi nyumbani?" Najua linavyochoma. Ulipokwenda ng'ambo kila mtu alikutegemea ushangae, upotee njia, ukosee maneno. Sasa unategemewa ujue kila kitu kwa sababu ni nchi yako, wakati mji huo hujawahi kuishi, na nchi yenyewe ilisonga mbele bila wewe. Siku zile nilisoma sana juu ya jambo hili, nikitafuta mtu wa kuniambia sijachanganyikiwa. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, aliwachunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa masomo na utafiti, akaona moyo wa mgeni unakwenda kama herufi U: unaanza juu kwa furaha, unashuka, kisha unapanda taratibu. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaonyesha kwamba anayerudi kwao naye hushuka mara ya pili. Ziunganishe U mbili, unapata W. Watafiti waliofuata wamesema mchoro huo hauwaelezi watu wote, nami nakubaliana nao, kwani W yangu na ya mume wangu hazikufanana kabisa. Yeye alikuwa anapanda wakati mimi nashuka. Lakini kujua tu kwamba kushuka huko kuna jina, na kwamba kumewahi kupimwa, kulinipa usingizi wa siku kadhaa.

Sasa niseme ya nyumba na makaratasi, maana nayo yanaingia moyoni kuliko watu wanavyodhani.

Jina la nani liko kwenye mkataba wa pango? Kama ni la shemeji peke yake, muulizeni mwenye nyumba kama yanaweza kuandikwa yote mawili. Namba ya nani inapigiwa umeme ukiwa na hitilafu? Nani anajulikana benki? Kwetu kila kitu kilikuwa kwa jina la mume wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na barua ya mwajiri. Benki ilitaka uthibitisho wa makazi, na uthibitisho wa makazi ulikuwa na jina lake. Mimi nikawa mgeni wa mume wangu ndani ya mji. Siku niliyofungua akaunti yangu, na salio lake dogo lile, nilitoka nje ya benki nikatembea tofauti. Usiseme ni jambo la baadaye. Lifanye wiki hii.

Kama hamjafanya, pigeni picha mita za maji na umeme zikionyesha namba, na kila ufa na kila doa, mtume kwa mwenye nyumba ili tarehe ibaki kwenye simu. Laiti ningekuwapo mlipoitafuta nyumba. Nyumba ya kupanga hutazamwa mara mbili, mchana na usiku. Unafungua bomba zote, unasimama chumbani kuona kama mtandao unashika, unasikiliza jirani ana sauti gani saa tatu usiku.

Vyeti vyako. Uliniambia waajiri wawili wametaka cheti chako cha nje kithibitishwe. Usilichukulie kama kuambiwa hujasoma. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, uthibitisho mmoja uitwao apostili, unaotolewa na mamlaka ya nchi iliyotoa cheti, unatosha. Pale ambapo nchi iliyotoa cheti au nchi inayokipokea haimo kwenye mkataba huo, karatasi hupitia mlolongo wa wizara na ubalozi. Vyovyote vile, kazi kubwa inafanyika upande ule mliotoka, kwa hiyo rafiki yenu aliyebaki huko ndiye wa kumwomba sasa, kabla naye hajahama. Mwombe pia akufuatilie barua ya mwajiri wako wa zamani na rekodi zenu za chanjo na matibabu. Kuvifuatilia hivi kwa barua pepe ukiwa mbali ni mateso nisiyokutakia.

Na acheni kugeuza bei. Nakujua, tangu utotoni una hesabu kali kichwani. Kila unachoshika dukani unakipeleka kwanza kwenye fedha ya kule, kisha unafurahi au unaumia. Fedha mnayolipwa ni ya hapo, pimeni kwa hiyo. Mimi hilo lilinichukua karibu mwaka mzima, na siku lilipokoma sikujua limekoma lini.

Nije kwenye marafiki, kwa maana ndipo sauti yako ilipokatika. Ulisema, "Labda nina tatizo, wiki saba sina hata mmoja." Sikiliza hesabu hii. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti mwaka 2018, na sehemu yake moja iliwahusu watu wazima 355 waliokuwa wamehamia mahali papya ndani ya miezi sita. Alikadiria kwamba mnayefahamiana naye tu huanza kuwa rafiki wa kawaida baada ya takribani saa 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya saa 90, na rafiki wa karibu baada ya saa zaidi ya 200. Yule mama wa ghorofa ya chini ambaye mmekaa na kuzungumza mara mbili, saa moja moja, mna saa mbili. Mkionana saa mbili kila wiki, saa 48 zilizobaki zitatimia baada ya wiki 24, karibu nusu mwaka. Huna tatizo, mdogo wangu. Una wiki saba.

Rudi kwake. Usitafute watu wapya kila siku, rudi kwa walewale. Njia ileile, saa ileile, kiti kilekile cha maktaba, darasa lilelile la mazoezi. Na kila mmoja wao mwambie waziwazi kwamba unatafuta kazi, hata wale unaosalimiana nao tu. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha tangu mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huwafikia watu kupitia wanaofahamiana nao kidogo kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Kazi yangu ya kwanza kule niliambiwa na mwanamke niliyekuwa nakutana naye kituoni asubuhi. Jina lake nililijua siku aliponiletea tangazo.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Ukipita wiki mbili mfululizo hulali, hakuna kinachokufurahisha na unaona hufai, usisubiri kuzoea. Nenda kwa daktari, ama unipigie mimi tuende wote kwa simu.

Sasa rudi kwenye utafiti ule wa Hall, maana sijamaliza. Aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi urafiki kama saa za mapumziko. Wale watu wanane wa shemeji, je, kuna hata mmoja aliyewahi kufika hapo nyumbani? Mume wangu, ambaye nilidhani amefika kabla ya mabegi, aliniambia baada ya mwaka kwamba kila jioni alikuwa anakaa ndani ya gari chini ya jengo dakika kumi kabla ya kupanda. Alikuwa anajipanga uso. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba kazi iliyotuleta ilikuwa inamlemea, na zaidi aliogopa kuniambia mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyenileta. Alikuwa amefika ofisini, basi. Mtaa wetu hakuujua. Siku bomba lilipopasuka aliduwaa sebuleni, na mimi ndiye niliyejua valvu iko wapi, mlinzi wa zamu ni nani na fundi gani anapokea simu usiku.

Kwa hiyo simsemei shemeji, na sijui usiku anawaza nini. Jumapili nitapiga simu. Nitaanza na wewe, tuongee mpaka uchoke. Ukimaliza usimpe simu yako anisalimie tu. Mwambie awe na simu yake karibu, nitampigia yeye peke yake.

Dada yako