Barua kwa Baraka, kuhusu masikio ya mbwa

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Mwanangu Baraka,

Picha za mbwa zimefika, zote 23, nimezihesabu. Baba yako aliposikia jina alicheka mpaka akapaliwa na chai. Maandazi! Kwetu Same mbwa anaitwa Simba, Tomi, Bosi, majina ya kumtia mwizi wasiwasi. Haya, ni mzuri, na rangi yake kweli ni ya andazi lililoiva. Ila mimi macho yangu hayakukaa kwenye rangi, yalikaa kwenye masikio. Umechukua Cocker Spaniel tena, mbwa wa masikio marefu yanayoning'inia, kama Simba wetu.

Nilipokuuliza kwenye simu habari ya bima ukasema, "Mama, mwezi ujao nitaangalia, sasa hivi kitanda chake tu kimenimaliza." Sikukujibu kwa sababu ulikuwa kazini na jambo lenyewe ni refu. Sasa nimekaa.

Unaukumbuka mwaka ule ambao hatukwenda Same Krismasi? Ulikuwa na miaka 14, umeshamwahidi bibi redio. Nikakwambia nauli ya ndege imepanda. Haikupanda, baba. Nauli yetu ilikwenda kwenye masikio ya Simba.

Wakati ule nilikuwa nasafisha wodi usiku, na habari ya bima ya mbwa niliichukulia kuwa mchezo wa watu wasio na shida. Mbwa niliyemjua mimi alikula makombo ya ugali, akachanjwa kichaa siku bwana mifugo alipopita kijijini, na akiugua alijilaza chini ya mwembe mpaka apone au afe. Simba alipokwenda kuchanjwa, daktari alimfunua sikio la kushoto akasema lina wekundu kidogo. Akatupa dawa ya matone, akaandika mstari mmoja kwenye faili. Miezi miwili baadaye jirani akanisumbua mpaka nikakata bima. Nikajiona mjanja.

Alipofika miaka miwili ndipo yakaanza yale unayoyajua: usaha, harufu, kujikuna usiku kucha, na damu ukutani ambayo wewe mwenyewe uliifuta kwa sponji ya vyombo nikakugombeza. Nikapeleka madai. Kampuni ikaomba faili lote tangu siku ya kwanza, kisha ikanirudishia ule mstari mmoja. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima, kwa hiyo hawalipi. Na si sikio la kushoto tu. Bima nyingi huhesabu viungo vya pande mbili, masikio, magoti, nyonga, kuwa kitu kimoja, upande mmoja ukishaandikwa na wa pili umekwenda. Nilikasirika, nikausoma mkataba kwa mara ya kwanza, nikakuta wameandika wazi kabisa, ukurasa wa sita.

Upasuaji wa kuondoa njia za masikio yote mawili ulikula nauli zetu tatu na bado tukabaki na deni la kulipa kwa awamu. Nilikwenda pale kliniki kila mwisho wa mwezi na pauni zangu, mpaka siku moja wakaniambia msichana wa mapokezi anaacha kazi, je, nataka nafasi? Ndivyo nilivyoingia. Wewe ulidhani niliomba kwa barua.

Miaka 11 nimekaa kwenye ile kaunta. Jumamosi moja ya kiangazi aliingia fundi ujenzi, buti zina saruji, na Labrador lake limemeza gunzi zima la mahindi ya kuchoma. Gunzi haliyeyuki tumboni mwa mbwa, linakwama kwenye utumbo na kuuziba. Daktari akamwandikia makadirio: altrasaundi, nusu kaputi, upasuaji, dripu, siku mbili za kulazwa, pauni 3,400. Alisoma karatasi mara mbili. Akampigia kaka yake, akampigia bosi wake, akampigia mtu mwingine ambaye hakupokea. Mbwa alikuwa amelala miguuni pake, na kila akitajwa jina kwenye simu mkia unapiga sakafu, pa, pa. Daktari alihangaika kumtafutia msaada. PDSA, shirika linalotibu wanyama wa wasio na uwezo tangu 1917, huwachukua wale wanaopokea posho fulani za serikali, na yeye alikuwa na kazi yake. Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo sindano ya kumpumzisha milele ni bei gani. Nikamtajia. Alilipa kwa kadi, mimi ndiye niliyemshikia mashine.

Na wewe una kazi, Baraka. NHS ya mbwa, yaani matibabu ya bure ya serikali kama yetu sisi watu, haipo nchi hii. Kwamba bei za madaktari wa wanyama ni kali si siri, mamlaka ya ushindani ya hapa ilianza kuwachunguza rasmi Mei 2024, na sisi wa mapokezi ndio tunaopokea matusi. Lakini uchunguzi haumtoi mbwa gunzi tumboni.

Sasa mwezi ujao wako. Aliyekuuzia amekupa bima ya bure ya wiki nne, nimeiona karatasi kwenye picha ya 17, nyuma ya bakuli. Ile ni ya kuonja tu. Ikiisha, na kitu chochote kikiwa kimeonekana ndani ya hizo wiki, kampuni mpya itakihesabu ni ugonjwa wa zamani. Na kampuni mpya kwa kawaida hailipi ugonjwa unaojitokeza ndani ya siku 14 za mwanzo. Kwa hiyo kata mpya wiki hii, zipishane na ile ya bure, pasiwe na siku hata moja iliyo wazi. Leo faili la Maandazi lina chanjo na namba ya chipu ya utambulisho basi. Halitakuwa safi hivi tena maisha yake yote. Ila usije ukaacha kumpeleka kwa daktari ili faili libaki safi! Nimewaona wanaofanya hivyo, na mbwa ndiye anayeumia.

Ukiingia kwenye intaneti utakuta bei kuanzia chini kabisa. Zile za chini kabisa ni za ajali tu, mbwa akiugua zinakuachia mwenyewe. Zinazofuata hulipa ugonjwa kwa miezi 12 kisha hufunga mlango. Ugonjwa wa masikio unarudi kila mwaka, nalo sikio halina kalenda. Kuna zinazotoa kiasi fulani kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Halafu kuna zile za maisha, ambazo kila ukihuisha bima kile kiasi kinaanza upya, hata kama ugonjwa ni uleule. Hiyo ndiyo uchukue. Ni ghali zaidi, najua, na ukiacha kulipa hata mwaka mmoja umepoteza kila kitu. Kwa mbwa mwingine ningekuacha uchague. Kwa wa masikio marefu, hapana.

Angalia pia kiasi ambacho wewe utachangia kabla wao hawajatoa chao. Tuseme bili ni pauni 800 na mchango wako ni 120, wao wanatoa 680. Mbwa akishazeeka, kampuni nyingi huongeza kwamba uchangie na asilimia ya kilichobaki. Ikiwa ni 20, hapo wewe unaongeza 136 na wao wanatoa 544. Watu wanafika kaunta wakidhani bima italipa yote, wananitazama mimi kama ndiye niliyewaibia. Uliza vilevile kama kampuni inailipa kliniki moja kwa moja au utatoa kwanza mfukoni kisha urudishiwe. Chanjo, minyoo, viroboto, kumhasi, hayo hawalipi, na chanjo ikipitwa na wakati wanaweza kukataa ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia.

Tazama kama kuna kinga ya madhara kwa watu wengine. Siku Maandazi atakapokatiza barabara akamwangusha mwendesha baiskeli, atakayedaiwa ni wewe.

Baba yako hakubaliani nami. Anasema bima hupanda kila mwaka, serikali inakata kodi yake ya 12% juu yake, na mbwa wengine wanaishi miaka kumi bila kuugua. Weka pauni 40 kila mwezi benki, anasema, zisipotumika ni zako. Hesabu yake si mbaya, kwa mtu ambaye tayari ana pauni elfu nne zimelala. Wewe mwezi wa tatu utakuwa na 120, na huo ndio umri wa mbwa kumeza soksi. Nilimkumbusha kwamba yeye amekuwa mtunza hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Leicester miaka tisa, anachanga kila mwezi na hajafa. Hakuna siku aliyodai arudishiwe. Alinyamaza, kisha akaomba chumvi.

Mimi mwenyewe nililipia bima ya Simba miaka minane baada ya yale masikio, na walichotoa ni bili moja ya jino lililovunjika. Hasara, ndiyo. Lakini ule usiku alipotapika mpaka alfajiri, ukiwa chuoni, nilimbeba nikatoka na koti juu ya gauni la kulalia, na njia nzima niliwaza tumbo lake tu. Sikuwaza salio. Kumbe alikuwa amekula kuku wa jirani.

Kesho ukitoka kazini nitumie huo mkataba kabla hujabonyeza kukubali. Si picha za mbwa, hizo 23 zitanitosha wiki nzima. Nataka ile sehemu yenye herufi ndogo, ya mambo wasiyolipia, nitaisoma nikiwa na miwani yangu. Na ukimwogesha mfute masikio kwa pamba, kwa nje tu. Usimwingizie kijiti.

Mama yako