Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mezani petu umekiona kielelezo cha udongo: ukuta wa utumbo na bakteria walionata juu yake. Tumekifinyanga muhula mzima, na kwa ruhusa yako tunaomba tukueleze kilichotushangaza.

Tulidhani bakteria wa kuhara huutafuna utumbo kama mchwa anavyotafuna mbao. Kumbe wengi humlaghai mwenye nyumba mpaka amfungulie mwenyewe.

Bakteria wa kipindupindu yeye haingii kabisa. Akishapenya ute, hung'ang'ania juu ya seli kwa vinyweleo vyake na kuachia sumu inayoilazimisha seli kumwaga maji na chumvi. Salmonela, bakteria mwingine wa kuhara, ana kitu kama sindano. Huichoma seli na kuipenyezea protini zake. Baada ya dakika chache utando wa seli hututumka, ukamfunika na kummeza. Shigela, bakteria wa kuhara damu, akishamezwa hukipasua kifuko alichofungiwa, kisha huzikusanya nyuzi za seli yenyewe, zinazoitwa aktini, zikawa mkia unaomsukuma hadi seli ya jirani. Shigela 10 hadi 100 tu wanaweza kumuuguza mtu mzima.

Lakini Ndugu Mgeni Rasmi, tuangalie ile sehemu nyekundu iliyoinuka katikati ya kielelezo. Hapo yupo bakteria aitwaye E. coli, wa aina inayoharisha watoto wachanga. Bakteria anayetaka kunata huhitaji kishikizo kwenye seli, na kwa miaka kadhaa watafiti waliamini kwamba kishikizo cha huyu ni mali ya seli. Mwaka 1997 ikabainika kwamba amekuja nacho. Ni protini iitwayo Tir: huidunga ndani ya seli, ikajitokeza juu ya utando, naye akaikamata kwa protini yake nyingine, intimini. Kisha seli, kwa aktini yake, humjengea kiti cha kukalia. Kiti hicho ndicho ule udongo mwekundu. Tulikibomoa na kukifinyanga upya mara tatu, kwa sababu kila mara tulikuwa tumemchora bakteria akiwa amezama ndani, na huyu kwa kawaida hukaa juu.

Tuna ombi moja. Bakteria hawa wana urefu wa takriban sehemu 2 za elfu moja za milimita. Hadubini yetu inakuza mara 400, nasi tunaambulia nukta. Tunaomba utusaidie kupata lenzi ya mafuta, ile ya mara 100, ili pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 tufikie ukuzaji wa mara 1,000, pamoja na slaidi zilizokwisha kutayarishwa na kupakwa rangi. Hatuombi kuotesha vijidudu vya maradhi hapa shuleni, slaidi zinatosha.

Tunaomba kuwasilisha.